Bomba la Shaba au la Plastiki? Niliyoyaona Kicukiro

Msafiri aendaye Rwanda kwa njia ya Ngara huvuka mto Kagera pale Rusumo, mahali ambapo maji huporomoka kati ya miamba kwa kishindo kikubwa. Avukapo tu huambiwa afungue mzigo wake, na mfuko wowote wa plastiki utakaoonekana hubaki mpakani. Wanyarwanda walitunga sheria ya kuikataza mifuko hiyo mwaka 2008, miaka kumi na mmoja kabla ya sisi Tanzania kuipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Mwaka huo huo wa 2019 wao walikwenda mbele zaidi, wakakataza na vyombo vingine vya plastiki ambavyo hutumika mara moja na kutupwa.

Basi yamkini mgeni akastaajabu kidogo, baada ya mwendo wa karibu kilometa 160 kupita Kibungo na Rwamagana, akiingia Jijini Kigali na kuona jinsi plastiki ilivyotamalaki katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Mabomba ya kijani na ya kijivu yamesimamishwa mlangoni kama mianzi. Mengine, meusi yenye mstari wa buluu, yamekunjwa kwa mviringo na kupakiwa juu ya magari madogo, yakielekea vilimani ambako nyumba mpya zinajengwa kila uchao. Hapana kinyume katika jambo hilo. Mfuko hutumika saa moja ukatupwa, na bomba hutiwa ukutani likatarajiwa kukaa miaka hamsini. Lakini swali hubaki palepale kwa kila mwenye kujenga, awe wa Kigali, Mwanza au Ujiji: je, ukutani atie plastiki au shaba?

Nilipata bahati ya kulitazama swali hilo kwa karibu nilipotumia likizo yangu katika wilaya ya Kicukiro, kwa mdogo wangu wa kike aliyeolewa huko. Yeye na mumewe, ambaye ni muuguzi, walikuwa wamefikia hatua ya kuchimba kuta za nyumba yao mpya ili kupitisha maji. Fedha yao ilikuwa ya mkopo wa chama cha akiba, nayo ilikuwa imehesabiwa hadi senti ya mwisho.

Mahali penyewe

Kicukiro ni mojawapo ya wilaya tatu za Jiji la Kigali, pamoja na Gasabo na Nyarugenge. Herufi c kwa Kinyarwanda hutamkwa kama ch yetu, na mgeni asiyelijua hilo huchekwa kwa upole. Vibao vya barabara vimeandikwa herufi KK na namba, maana yake Kigali, Kicukiro, hivyo mtu hawezi kupotea iwapo anajua kusoma. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko katika wilaya hii, na mashariki zaidi iko Masaka yenye mashamba na nyumba mpya.

Jambo lililonipendeza ni majina ya mahali. Watu wa hapa huelekezana kwa viwanda. Huku ni Rwandex, kwa jina la kampuni iliyoshughulika na kahawa. Kule ni Sonatube, makutano makubwa ya barabara yaliyopata jina lake kutokana na kiwanda cha mabomba. Kondakta wa basi hutaja jina hilo mara mamia kwa siku, wala hapana abiria anayefikiri kwamba anatajiwa bomba.

Kutoka Sonatube barabara pana huelekea kusini, ikipita Kicukiro Centre na kupanda kilima cha Nyanza kabla ya kushuka Gahanga na kuingia Bugesera. Mwenye kupita njia hii hana budi kupunguza sauti. Tarehe 11 Aprili 1994, askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka katika shule ya ufundi ya ETO hapo Kicukiro, wakawaacha watu wapatao elfu mbili waliokuwa wamekimbilia humo kuokoa maisha yao. Wengi wao waliswagwa kwa miguu hadi Nyanza na kuuawa. Leo kilima hicho kina makumbusho, na mahali palipokuwa na shule hiyo vijana wanaendelea kusomea ufundi. Wakazi hawayasemi mengi kwa mgeni, lakini aonapo nyumba mpya zinavyojengwa kwa uangalifu kuzunguka kilima hicho, huelewa kwamba hapa nyumba ni zaidi ya matofali na mabati.

Nyumba ya shemeji yangu iko Gahanga, mteremkoni, upande unaotazama bonde la Nyabarongo.

Mto, kilima na msukumo wa maji

Mto ule tuliouvuka Rusumo kwa jina la Kagera, huku juu huitwa Nyabarongo. Huzunguka vilima vya Kigali ukiwa na rangi ya matofali kwa wingi wa udongo, hutelemka hadi mpakani kwetu, na mwisho huingia Ziwa Viktoria. Kwa hiyo maji ya mtu wa Gahanga ni ndugu wa maji ya mtu wa Ngara na wa Karagwe; yeye amepata tu kuwa jirani wa kwanza.

Kazi ya kuyasafisha maji na kuyagawa ni ya shirika la WASAC, lililoishika kazi hiyo mwaka 2014 wakati shirika la awali, EWSA, lilipogawanywa. Kuna mitambo ya Nzove upande wa magharibi, kuna ya Karenge inayovuta maji ya ziwa Mugesera upande wa mashariki, na mwaka 2021 ulizinduliwa mtambo wa Kanzenze, Bugesera, ng'ambo ya bonde linaloonekana kutoka kwa shemeji. Mtambo huu uliundwa kutoa mita za ujazo 40,000 kwa siku, ambapo 30,000 ni za Kigali na 10,000 za Bugesera.

Lakini kuyasafisha ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuyapandisha. Bonde la Nyabarongo liko kwenye kimo cha karibu mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na uwanja wa ndege wa Kanombe uko mita 1,491. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 husukuma kwa kadiri ya baa moja. Basi maji yaliyojaa katika bomba kutoka bondeni hadi kimo cha Kanombe husukuma huko chini kwa baa 14, na gurudumu la gari dogo hujazwa hewa ya baa mbili na kidogo tu. Ndiyo kusema, watu wawili wa kata moja, mmoja akikaa juu na mwingine chini, hawawezi kuwekewa bomba kwa hesabu moja. Wa juu hulalamika kuwa maji hutoka kama machozi. Wa chini huamka usiku kwa mlio wa kiungo kilichofyatuka.

Tena maji hukatika. Yanapokatika hewa huingia bombani, na yanaporudi husukuma hewa hiyo mbele yake na kugonga kila kona kama nyundo. Hiyo ndiyo sababu karibu kila nyumba ya Kicukiro ina tangi, ambalo kwa Kinyarwanda huitwa ikigega. Wenye busara hukinga na maji ya mvua kutoka kwenye paa, kwa kuwa Mungu ameijalia Kigali misimu miwili ya mvua kwa mwaka.

Hoja ya shaba

Shaka iliingia nyumbani kwa njia ya simu. Ndugu mkubwa wa shemeji, anayeishi Ubelgiji, alikuwa ameleta ujumbe wenye amri: "Msitie plastiki katika nyumba ya ukoo. Huku nyumba ya baba mwenye nyumba wangu ina shaba tangu kabla sijazaliwa, na haijavuja."

Neno lake halikuwa la kupuuzwa. Shaba nyekundu ina sifa kubwa. Huyeyuka kwenye joto la nyuzi 1,085, kwa hiyo maji ya moto kwake si kitu. Jua haliiharibu. Ukuta wake ni mwembamba lakini wenye nguvu. Ipatapo joto hurefuka kidogo sana: bomba la shaba la mita 10 likipata joto la ziada la nyuzi 40 huongezeka milimita 7 hivi, wakati la plastiki ya aina ya PPR huongezeka kama sentimita 6 na kutafuta mahali pa kujikunja.

Wala shaba si mgeni Afrika yetu. Watu wa Katanga waliichimba na kuisubu kwa umbo la msalaba, nayo misalaba hiyo ikatumika kama fedha kwa karne nyingi. Shaba ya Zambia ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya kujengwa reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Jambo la kusikitisha ni kwamba madini hayo hupita mlangoni petu kwenda ng'ambo, kisha hurudi yakiwa bomba lenye bei ya ng'ambo, na kwa mtu wa Kigali huongezwa tena nauli ya karibu kilometa 1,500 kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mwezi Mei 2021, na tena Mei 2024, tani moja ya shaba ilizidi dola 10,000 za Marekani katika soko la London. Mita moja ya bomba la shaba humgharimu mjenzi mara kadhaa kuliko mita ya plastiki, na hiyo ni kabla hajamlipa fundi wa kulehemu.

Shaba ina adui pia. Adui wa kwanza ni maji machachu. Maji ya mvua ni laini na yana uchachu kidogo. Yakilala usiku kucha katika bomba la shaba huilamba, na asubuhi hutoka na ladha ya chuma na kuacha doa la kijani kwenye sinki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Basi mwenye kutegemea tangi la mvua asiyapitishe maji yake ya kunywa katika shaba.

Adui wa pili ni lehemu mbaya. Zamani mabomba ya shaba yaliunganishwa kwa lehemu yenye risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa akili ya mtoto mchanga. Marekani ilikataza lehemu hiyo katika mabomba ya maji ya kunywa mwaka 1986. Hata jina la fundi wa mabomba, ambalo Wanyarwanda wamelipokea kutoka Kifaransa, asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya risasi, kwa kuwa Warumi waliyatengeneza mabomba yao kwa madini hayo. Anunuaye lehemu leo aulize kwa sauti kama ina risasi, na asiridhike na jibu la kuinua mabega.

Adui wa tatu ni mwizi, maana wanunuzi wa vyuma chakavu huipenda shaba kuliko kitu kingine chochote.

Hoja ya plastiki

Fundi wetu alikuwa mzee wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali tangu zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kiasi cha kunitia kijicho. Alimsikiliza shemeji akisoma ujumbe kutoka Ubelgiji, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Wanangu, mimi naheshimu shaba. Lakini siku ikivuja Jumapili, hapa Gahanga mtampata wapi mwenye kiungo chake? Kwanza niulizeni plastiki gani, maana plastiki nazo si mama mmoja."

Hapo alisema kweli ambayo wengi hawaijui. Ya kwanza ni PVC, ngumu, ya kijivu au nyeupe, inayounganishwa kwa gundi. Ni rahisi, nayo yafaa kwa maji baridi na maji machafu. Kwa maji ya moto haifai. Joto likikaribia nyuzi 60 hulegea na kupoteza nguvu.

Ya pili ni ile nyeusi yenye mstari wa buluu, ambayo hukunjwa kwa mviringo. Masizi yaliyochanganywa ndani yake huikinga na jua. Hupinda bila kuvunjika, hivyo yafaa kulazwa ardhini kutoka kwenye mita ya maji hadi nyumbani, hasa katika udongo wa mteremko unaosogea wakati wa masika.

Ya tatu ni PPR, ya kijani, nyeupe au ya kijivu. Hii haiungwi kwa gundi. Fundi hupasha bomba na kiungo kwa pasi maalumu yenye joto la nyuzi kama 260, huhesabu sekunde chache, kisha huvishanisha, vikapoa na kuwa kitu kimoja. Bomba zuri la aina hii hustahimili maji ya nyuzi 70 kwa miaka mingi, kutu haliipati, na uchachu wa maji ya mvua hauidhuru.

Yote matatu huandikwa ubavuni herufi PN na namba. Namba hiyo ni idadi ya baa ambazo bomba limeundwa kustahimili kwa maji baridi. PN 10 ni baa kumi, PN 20 ni baa ishirini. Maji yakiwa ya moto nguvu hiyo hupungua sana, kwa hiyo hapana fundi mwaminifu atakayetia PN 10 kwenye bafu la maji moto. Asiyeisoma namba hiyo huuziwa bomba jembamba kwa bei ya nene, na hilo hutokea Kigali kama litokeavyo Kariakoo.

Tena pana mtego wa vipimo. Bomba la PPR hupimwa kwa nje, na ukuta wake ni mnene. La milimita 20 la PN 20 lina uwazi wa milimita 13 tu ndani, sawa na bomba la shaba la milimita 15. Mwenye kuhesabu kwa kipimo cha nje hufikiri amenunua mlango mkubwa, kumbe amenunua dirisha.

Nao ubaya wa plastiki haufichiki. Jua huila, isipokuwa ile nyeusi. Panya huweza kuitafuna. Na maji yanayozidi kiasi cha moto huilainisha polepole, bila ishara yoyote, mpaka siku ipasuke.

Uamuzi wa Gahanga

Ubishi uliendelea siku mbili. Shemeji aliona haya kumkatalia kaka yake; fundi aliona haya kumkatalia mwenye nyumba. Mimi, kwa tabia ya ualimu, nilikuwa nimechora jedwali la sifa na kasoro. Aliyeukata ubishi ni mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni.

"Kaka," aliniambia, "mnazungumza habari za bomba kana kwamba nyumba nzima ni bomba moja. Maji ya mita yanapita chini ya udongo. Maji ya mtoto yanatoka kwenye tangi la mvua. Maji ya moto yatatoka juu ya bati kwenye mtambo wa jua. Hayo ni maji ya namna tatu. Kwa nini yapewe nguo moja?"

Mzee wa Biryogo alicheka, akapiga kofi pajani. "Mwanangu, wewe ndiwe fundi!"

Kwa hakika hilo ndilo neno kuu la safari yangu yote. Bomba huchaguliwa kwa kutazama maji yatakayopita ndani yake na mahali litakapolala. Sifa ya nchi linakotoka na fahari ya mwenye nyumba havimo katika hesabu hiyo. Huko Ulaya kwenyewe nyumba nyingi mpya siku hizi huwekewa plastiki, hali zile za zamani zikiendelea na shaba yake. Wote wana sababu zao.

Basi ikaamuliwa hivi. Kutoka mita ya barabarani hadi nyumbani, chini ya udongo, ilazwe plastiki nyeusi, na pale inapoingia uani pawekwe koki ya kupunguza msukumo, kwa kuwa nyumba iko mteremkoni. Ndani ya kuta zote ipite PPR ya PN 20, kwa maji baridi na ya moto, pamoja na maji ya tangi la mvua. Juu ya bati, mita tatu za mwanzo zitokazo kwenye mtambo wa jua ziwe za shaba, zifungwe kitambaa cha kuzuia joto lisipotee. Mitambo hiyo, jua likiwaka mchana kutwa na asitokee mtu wa kuoga, huweza kuyafikisha maji karibu na kuchemka, na hapo plastiki haina kauli. Ujumbe ukapelekwa Ubelgiji kwamba shaba imewekwa, nao haukuwa uongo.

Jaribio kabla ya lipu

Yalipokwisha kuungwa mabomba, mwashi alikuwa tayari ameshakoroga mchanga na saruji apige lipu siku ile ile, maana alilipwa kwa kazi wala si kwa siku. Mdogo wangu alimzuia. Akamwambia kwa adabu lakini bila kutabasamu kwamba ukuta hautafunikwa mpaka maji yalale ndani usiku mmoja.

Fundi aliziba midomo yote, akajaza maji, akatoa hewa, akapandisha msukumo kwa pampu ya mkono hadi baa 15. Hiyo ni mara moja na nusu ya baa 10 alizokadiria kwa nyumba ile. Plastiki hutanuka kidogo mwanzoni, na mshale hushuka. Alingoja, akapandisha tena, akaangalia umesimama. Kisha tukaenda kulala.

Asubuhi mshale ulikuwa kwenye baa 12.

Hakuna aliyesema neno. Tulizunguka chumba hadi chumba tukipapasa kuta, mpaka mtoto wa jirani, aliyekuja kutazama, alipoonyesha doa lenye unyevu nyuma ya mahali pa bafu. Bomba la plastiki lilikuwa zima, na la shaba lilikuwa zima. Kilichovuja ni kiungo cha chuma cha kupokelea bomba la bafu, kilichokazwa pasipo uzi wa kutosha. "Bomba halivuji, wanangu," akasema mzee, huku akikifungua. "Kinachovuja ni kiungo." Alikifunga upya, akarudia jaribio, na siku ya pili mshale haukuondoka mahali pake. Mwashi akapiga lipu yake.

Niliwaza kama ukuta ule ungefunikwa siku ya kwanza. Tone moja kwa sekunde lingeilowesha saruji kwa miezi, rangi ingebanduka, na bili ya maji ingepanda bila sababu. Mwisho ukuta wa bafu ungebomolewa kwa fedha ambayo haikuwamo katika mkopo.

Ya kuzingatia mjengaji

Ndugu msomaji, hata kama nyumba yako iko mbali na Kicukiro, mambo haya yatakufaa.

Kwanza, jua maji yako. Ni ya mto, ya kisima, ya chumvi, au ya mvua? Wa pwani wenye visima vya chumvi na wa milimani wenye mvua nyingi hawawezi kufuata shauri moja. Mabomba ya zamani ya chuma yaliyopakwa zinki yafaa kuachwa mahali popote panapowezekana, kwa kuwa hujaa kutu ndani hadi njia ikawa nyembamba kama penseli.

Pili, jua kimo cha nyumba yako. Hesabu mita kutoka tangi la mtaa hadi bombani kwako; kila mita kumi ni baa moja. Ukiwa bondeni weka koki ya kupunguza msukumo. Ukiwa juu, hifadhi maji usiku yanapotoka.

Tatu, usichanganye madini ovyo. Maji yakipita katika shaba kisha yakaingia kwenye bomba la chuma lenye zinki, chembe za shaba huila zinki na chuma hutoboka mapema. Panapolazimu kuviunganisha, pawe na kiungo cha shaba nyeupe au cha plastiki kati yao.

Nne, asubuhi, ikiwa nyumba ina shaba, acha maji yaliyolala yatoke kidogo kabla ya kujaza birika au kumkorogea mtoto maziwa. Maji hayo ya kwanza yakingwe kwa ndoo, yamwagiwe mchicha.

Tano, kila chumba chenye maji kiwe na koki yake ya kufungia, na kila mtu wa nyumbani ajue ilipo, pamoja na watoto na mtumishi. Bomba lipasukalo halimngoji baba atoke kazini.

Sita, piga picha ya kuta kabla ya lipu, ukiweka futi kandokando ya bomba. Miaka kumi baadaye, atakayetaka kutundika kabati ataijua njia ya maji asiitoboe.

Saba, usiruhusu lipu kabla ya jaribio la usiku mzima, hata mwashi akinuna.

Siku ya kuondoka kwangu maji ya WASAC yalikuwa yamekatika Gahanga tangu alfajiri. Nyumba haikujali. Tangi la mvua lilikuwa limejaa, maji yakateremka yenyewe hadi jikoni, na mdogo wangu akaniwekea chai ya safari. Jua lilipopanda, mtambo wa batini ulianza kazi yake kimya kimya, na bonde la Nyabarongo lilionekana mbali, jekundu kwa udongo, likielekea kwetu.